Bomba Ndani ya Kisima

Siku ya tatu ya kufukua kisima cha mtaa, Uzi alikuwa ameketi juu ya ubao wa bembea, amening'inia kimo cha mtu mmoja kutoka mdomoni mwa kisima, akisugua mawe ya ukuta kwa brashi ya waya. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Chini ya nyayo zake, mbali, maji mapya yalikuwa yanang'aa, na kila kokoto lililomponyoka lilichukua muda kabla ya kulia chubwi. Juu, baba yake alikuwa ameshika kamba. Uzi alimsikia akikohoa, akasikia na wanawake wa mtaa wakicheka huku wakipanga ndoo zao kwa foleni ya kesho.

Ukuta wote ulikuwa umetakata isipokuwa upande mmoja, ule wa nyumba ya jirani waliyemwita Karani. Baba yake alimkataza kuugusa tangu siku ya kwanza. Alisema mawe ya upande ule yamelegea, yaachwe na tope lake kama yalivyo. Uzi alitii siku mbili. Siku ya tatu mkono ukamwasha. Yeye ni mama wa watoto wawili. Hajawahi kumwosha mtoto shavu moja akaliacha la pili. Akajisogeza kwa mguu, akapitisha brashi mara mbili tu, na bamba la tope kavu, pana kama sinia, likabanduka likaenda zake chini.

Nyuma yake palikuwa na bomba.

Lilikuwa bomba la plastiki, la kijivu, pana kiasi cha kupitisha ngumi, limechomoza katikati ya mawe mawili na mdomo wake umeinamia maji. Uzi alianza kulitafutia udhuru. Labda ni la maji ya mvua. Labda ni la zamani, halina kazi. Kabla hajamaliza kufikiri, bomba likaguna, likakohoa kama mtu aliyepaliwa, likatema povu. Povu jeupe lenye harufu ya sabuni ya maua likamwagikia mapajani, likatiririka kwenye ubao, likadondoka, na Uzi akalisindikiza kwa macho mpaka lilipotua juu ya yale maji yanayong'aa na kutanda kama utando wa maziwa. Nyuma ya povu yakaja maji mengine, ya rangi nyingine, yenye harufu ambayo hakuna sabuni ya kuificha.

Ng'ambo ya ukuta, kwenye vyumba vya Karani vya kupangisha, alimsikia mwanamke akiimba huku akisugua choo kwa ufagio, ndoo ikigonga sakafu. Mpangaji mpya alikuwa anasafisha kabla ya kuhamia.

Halafu Uzi akaona kitu kingine. Shingo ya lile bomba ilikuwa imezungushiwa saruji, imekandikwa kwa ustadi, na kabla saruji haijakauka mtu alikuwa amepitisha vidole vitatu kuifuata duara, akaacha mistari mitatu iliyopinda pamoja. Fundi mmoja tu mtaani alikuwa na mtindo huo. Kizingiti cha chumba alichozaliwa Uzi kilikuwa na mistari hiyo. Karo la kufulia la mama yake lilikuwa nayo. Kaburi la mama yake pia.

Akainua uso. Baba yake alikuwa ameinama ukingoni anamtazama, na usoni mwake hakukuwa na mshangao wowote.

Jina la Uzi alipewa akiwa na miaka tisa, na aliyempa ni huyo huyo baba. Mzee Kamba, kama mtaa ulivyomwita kwa sababu ya kamba isiyoshuka begani kwake, alikuwa mfukua visima na mwashi enzi ambazo karibu kila uwanja ulikuwa na kisima chake cha mawe. Alijaliwa mabinti watupu, na wa mwisho alikuwa mwembamba mno. Akamfunga kamba kiunoni akamshusha, akasema huyu anapita popote, ni uzi. Akamfundisha kuteremsha mshumaa kwanza, kwamba ukizimika njiani na wewe usishuke. Akamfundisha kunawa mpaka viwikoni kabla ya kuingia, kutovaa viatu vilivyokanyaga njia, na kumeza mate yake, asiyateme. Siku moja alimfukuza mtu mzima kwa kamba, akamzungusha uwanja mzima, kwa kosa la kunawa miguu karibu na mdomo wa kisima. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Uzi hakucheka. Alijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Baadaye bomba la serikali likaja, visima vikafunikwa, na Uzi akamaliza darasa la saba akaolewa na dereva wa lori. Mume yuko safarini wiki tatu katika nne. Yeye anafua nguo za watu. Kwa hiyo bomba lilipoanza ubahili, yeye alikuwa wa kwanza kuumia. Mwanzo maji yalikuja siku tatu kwa wiki, halafu siku moja, halafu alfajiri tu, mwisho bomba likawa linapiga mluzi wa hewa na kunyamaza. Mtaa ukabaki kumtegemea muuza maji wa mkokoteni, ambaye siku akikasirika hupita bila kusimama.

Nesi wa zahanati ndiye aliyewakumbusha visima. Aliwaambia vya zamani vingi vinaweza kufufuka vikifukuliwa na kupimwa, na kwamba wasinywe kabla hajaja na chupa zake. La kufufuka walilisikia wote. La chupa lilisikika nusu nusu. Kamati ikaundwa, mwenyekiti Mama Mapacha, mwanamke wa sauti kubwa anayeweza kugombana na kukumbatia kwa pumzi moja. Wakachagua kisima kikubwa kilichofunikwa kwa zege kwenye uwanja ulio kando ya nyumba ya Karani.

Mzee Kamba alikataa. Alisema kimekauka. Wiki iliyofuata akasema kina nyoka. Halafu akasema yeye ni mzee, mgongo hauko sawa. Mama Mapacha akamwambia mbele za watu kwamba anajivuta kama bibi harusi, basi aseme mahari yake ni kiasi gani. Alikubali siku Uzi alipomwambia kwamba atashuka tu, kamba ashike yeye au ashike mwingine.

Siku mbili za kwanza walitoa udongo. Ulikuwa mweusi, mwepesi, unanukia kama msitu baada ya mvua. Wanawake waliugombania. Mama Mapacha alibeba karai nne akajaza makopo yote barazani kwake, akapanda vitunguu, akawaambia wenzake kwamba udongo ule hata ukichomeka fimbo inaota. Siku ya pili jioni wakafika kwenye mchanga, na mchangani maji yakachipuka, meupe, baridi. Ndoo ya kwanza iligawiwa papo hapo, chupa moja kila nyumba, kwa furaha.

Sasa Uzi, amening'inia mbele ya lile bomba na sketi iliyolowa, alijiuliza swali ambalo mtaa mzima haukujiuliza. Kisima kimejengwa kwa mawe na kufunikwa kwa zege. Jani halikuingia, mti haukuingia. Ule udongo mweusi ulitoka wapi?

Baba yake alimpandisha taratibu, kama zamani, mkono juu ya mkono. Wanawake walikuwa wamesogea kivulini upande wa pili. Uzi alipokanyaga ukingo hakufungua kamba. Alisimama nayo kiunoni, ncha nyingine ikiwa mikononi mwa baba.

"Baba, lile bomba ni la nini?"

Mzee alitazama sketi yake, akatazama pembeni. "La choo cha Karani," alisema. "Na mkono ni wangu, umeuona mwenyewe."

Akamweleza yote kwa sauti ya chini, harakaharaka, kama mtu anayetua mzigo uliomkata bega. Mwaka ule bomba la serikali lilipoingia, mtu wa kufukuliwa kisima hakuwepo tena. Karani alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha na ardhi ya pale ni mwamba, shimo la choo lingekula wiki nyingi. Kisima kilikuwepo, kimejengwa, kirefu, hakina mwenyewe. Karani alisema shimo lipo tayari, kinachotakiwa ni kuunga tu. Siku ya kwanza Mzee Kamba alikataa akaondoka. Siku ya pili alirudi na mwiko wake. Miaka ikapita, maji yalipokatika, wapangaji wa Karani wakahama, choo kikakauka, na mzee akajipa moyo kwamba kilichomo kimeshakuwa udongo. Alikusudia kuliziba bomba mwenyewe kwa ndani kabla watu hawajaanza kuteka. Hakujua kwamba Karani naye amesikia habari ya maji, na asubuhi ile ile amepata mpangaji.

"Nilidhani bomba la serikali halitakauka, mwanangu," alisema. "Sote tulidhani."

Uzi alisikia maneno hayo yakiingia masikioni, na hayakushuka moyoni. Alikuwa anaitazama mikono ya baba yake. Ndiyo iliyomnawisha mpaka viwikoni.

Mzee akamwomba kitu kimoja tu, muda. Mpaka Jumatatu. Ataziba bomba kwa saruji, atamwaga dawa, watachota maji yote ya juu wamwage, na hakuna atakayejua. Uzi akamkumbusha kwamba watu wanakunywa kesho. Mzee akasema watachemsha. Uzi akamuuliza ni nani atachemsha maji yanayong'aa vile. Halafu akafungua kamba, akaiweka chini, akaenda nyumbani kwake bila kuaga.

Alienda kwa ajili ya chupa. Alikuwa ameiweka juu ya kabati, karibu na dirisha, akiisubirisha mpaka nesi aje, kwa sababu yeye ndiye aliyesikia lile la chupa lote. Alisukuma mlango. Binti yake wa miaka sita alikuwa ameketi mkekani, amempakata mdogo wake wa miezi minane, kitambaa amekipanga vizuri chini ya kidevu cha mtoto kama alivyoona mama akifanya. Kiti kilikuwa kimesogezwa kabatini. Chupa ilikuwa wazi. Kijiko kilikuwa njiani kwenda mdomoni.

Uzi alikipiga kile kijiko kikaruka mpaka ukutani. Binti akabaki ameinua mkono, macho yamemtoka, halafu midomo ikaanza kumcheza.

"Alikuwa na kiu," alisema. "Nimempa viwili tu, mama. Kayapenda."

Mtoto mdogo, hajui kitu, alikuwa anajilamba, anacheka.

Miguu ilimpeleka zahanati kabla hajajua anakwenda wapi, mtoto kiunoni, binti akikimbia nyuma analia. Nesi alimsikiliza, akampima mtoto, akampa pakiti za chumvi na sukari ya kuchanganya na maji na kumwambia la kutazama: akiharisha, akikataa ziwa, macho yakizama, amrudishe mara moja. Halafu nesi akakaa. Akauliza wangapi wamekunywa. Uzi akahesabu chupa kichwani, akafika kumi na tisa, akaacha.

Kurudi uwanjani hakukuwa na la kufikiri tena. Kamati ilikuwa imekusanya watu kupanga zamu za kesho. Baba yake alikuwa amekaa juu ya jiwe, kamba imekunjwa miguuni. Uzi alisimama karibu na mdomo wa kisima na kusema kwa sauti ambayo hakuwa akiitumia hata kwa watoto.

"Maji haya msinywe. Mlio nayo nyumbani yamwageni sasa hivi. Kuna choo kinaingia humu."

Mama Mapacha alidhani ni utani. Alimuuliza kama hewa ya chini imempanda kichwani. Uzi akamwonyesha sketi. Akamwomba anuse. Mama Mapacha akainama, akanusa, akarudi nyuma ameziba pua.

Karani aliitwa. Alikuja na shati lake la kupigwa pasi na kalamu mfukoni, mtu aliyestaafu zamani lakini kalamu haijastaafu. Alisema ni uzushi. Alisema choo chake kina shimo lake. Kama kuna mtu aliyeona bomba na aseme limewekwa na fundi gani, mwaka gani, nani shahidi. Hawezi kuchafuliwa jina na mfua nguo.

Uzi alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limekaa juu ya jiwe hatua tano kutoka kwake. Angeweza kusema kuna saruji yenye mistari mitatu, na kila mtu pale angegeuka. Akamtazama mtoto aliyembeba. Akamtazama baba. Alivuta pumzi ya kusema, na mzee akasimama.

"Ni mimi," alisema Mzee Kamba. "Mwaka wa bomba. Karani alinituma, nikaunga."

Kelele zikaja zote pamoja, na nyingi zikamwendea Karani. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Fundi Viatu, jirani wa Karani mkono wa kushoto. Aliuliza ni mtu wa namna gani anayejisaidia kwenye kisima, hata mnyama huchagua mahali. Aliendelea hivyo mpaka akakaukiwa, na Mzee Kamba akamsubiri amalize.

"Na chako kinaingia wapi, mwanangu?" alimuuliza bila ukali.

Fundi Viatu alijibu kwamba yeye nyumba aliinunua, choo alikikuta.

"Aliyekuuzia alikuwa na kisima nyuma ya jiko. Nilikiunga mwezi uleule."

Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza kama ni hivyo viwili tu. Na hapo mzee akaanza. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa utulivu wa mtu anayesoma majina ya darasa, akinyoosha kidole kila ukuta aliouona kutoka pale aliposimama. Kwa fundi seremala, kisima cha mawe meusi, choo. Kwenye duka la kona, kisima kilichokuwa na maji matamu kuliko vyote, choo na maji ya kuogea. Kila aliyetajwa alinyamaza palepale, kama taa zinavyozimwa chumba baada ya chumba. Mama Mapacha alipoona kidole kinaelekea kwake aliinua mkono.

"Mimi usinitaje, mzee," alisema. "Chonde."

"Kwako ni kile alichochimba babu yako," Mzee Kamba alisema. "Mama yako ndiye aliyeniita. Alisema shimo lipo tayari."

Mama Mapacha akageuza ndoo yake, akaikalia. Ndipo mtu akakumbuka udongo. Hakuutaja, alianza tu kujifuta viganja kwenye nguo, tena na tena, na wengine walipomwona wakaelewa, nao wakaanza. Mama Mapacha alisema polepole kwamba mikono aliyopandia vitunguu jana ndiyo aliyokandia unga. Baadaye kidogo makopo yalisikika yakitupwa kutoka barazani kwake, moja baada ya jingine.

Visima vilikuwa kumi na vinne. Mzee Kamba aliunga vyoo kwenye kumi na kimoja. Kimoja kiko chini ya darasa, kimoja kiliporomoka. Cha mwisho kilikuwa cha mjane mmoja muuza mkaa, marehemu sasa, ambaye Mzee Kamba alipomwendea na maneno ya shimo lipo tayari alimmwagia majivu. Kilifunikwa tu, na juu ya zege lake fundi wa matairi ameweka benchi lake miaka yote bila kujua amekalia nini.

Walimhamisha kwa maneno mazuri, wakafungua. Uzi alishuka, na kamba walishika Mama Mapacha na wanawake wengine wanne. Mzee Kamba alikuja mpaka kwenye kona ya ukuta akasimama huko. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemwita. Udongo uliotoka ulikuwa mchanga na vipande vya mkaa. Nesi aliteremsha chupa yake mwenyewe kwa uzi wake mwenyewe, akaifunga, akaibandika karatasi, akasema majibu ni siku kumi na kwamba atakayetia kikombe mle kabla ya hapo atamchoma sindano asiyoihitaji. Safari hii walimsikia wote.

Mtoto wa Uzi aliharisha siku mbili, siku ya tatu akanyonya kama kawaida. Watoto wengine sita waliugua; wote walipona. Karani aliziba bomba lake mbele ya kamati na wapangaji wakaondoka. Lakini mtu akipita mtaani siku zile alikuta kitu kigeni, watu wamesimama nyuma ya nyumba zao wenyewe, wanatazama vyoo vyao.

Siku ya saba ya kusubiri majibu, mkokoteni wa maji ulisimama. Foleni ilikuwa ndefu. Uzi alikuwa katikati, mtoto mgongoni, alipomwona baba yake akija na dumu la njano. Mzee hakuwahi kupanga foleni ya maji maishani mwake. Kila mara mtu alimwita mbele, karibu mzee wetu, tangulia. Leo watu walitazama ndoo zao. Alisalimia, akaitikiwa kwa heshima ya kutosha, akaenda mwisho kabisa akasimama.

Uzi alijaza ndoo yake. Alikuwa na nguo za watu zinazomsubiri, na hasira iliyokuwa bado mbichi kifuani. Hakuondoka. Alisimama kando, akaona foleni ikipungua mtu mmoja mmoja, mpaka mbele ya baba yake muuza maji akainamisha pipa, akatikisa, akasema yamekwisha.

Mzee Kamba aliitikia kwa kichwa. Akaanza kufunga kifuniko cha dumu.

Uzi akaisogeza ndoo, akalishika dumu kutoka mkononi mwa baba yake, akakifungua tena kile kifuniko. Akamimina nusu, taratibu, tone lisipotee. Hakumtazama usoni, wala hakumwita baba. Alifunga dumu, akamrudishia, akajitwika ndoo iliyobaki nyepesi, akaenda kufua.